Mama Uliyesoma Soli za Viatu Vyangu

Mpendwa mama,

Nimemaliza. Naanzia hapo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta neno hilo. Mbio za kilomita kumi, Jumapili iliyopita, kwa miguu yangu mwenyewe.

Unakumbuka ulipokuja Sydney kututembelea, ukanikuta nimejifunga barafu gotini? Mwaka uliotangulia nilitolewa katikati ya mbio hizo hizo kwa gari la huduma ya kwanza, nikaanza kuamini kwamba mwili wangu wa miaka arobaini na moja umekataa. Hukubishana nami. Uliviokota viatu vyangu, ukavipindua, ukazikagua soli jinsi ulivyokagua nguo za wateja miaka yote ya ushonaji wako.

"Nekesa, kisigino kimeliwa chote, na huku mbele bado kupya. Unakimbia kama mtu anayejizuia kwenye mteremko. Tena vinakubana."

"Mama, ni saizi yangu."

"Saizi yako ukiwa umeketi. Mguu ukipata joto unavimba. Kiatu je?"

Kesho yake tukaenda dukani Liverpool, ile ya huku huku Sydney. Niliona aibu ulipomwambia muuzaji kwamba hatuchukui kiatu ambacho sijakimbia nacho, lakini alikubali, nami nikakimbia pale mbele ya duka, mkoba begani. Jozi ya kwanza ilikuwa laini mno, mguu ukawa unayumba. Ya tatu ilikuwa nyepesi, na vidole vilipata nafasi ya kujinyoosha. Hatua zikafupika zenyewe, zikawa za haraka, nami nikaacha kugonga chini kwa kisigino.

"Sasa hatukusikii ukija!" ukapaza sauti, wapita njia wakacheka.

Viatu pekee havikutosha. Ulinipangia wiki nzima nzima za kukimbia polepole kando ya mto, wewe na mwanangu Imani mkitembea nyuma, yeye akihesabu hatua zangu kwa Kiingereza na wewe ukirudia kwa Kiswahili. Kisha viza yako ikaisha, ukarudi Kitale kabla ya siku yenyewe. Niliikasirikia hata ndege.

Jumapili, kwenye kile kilima kilichonishinda, nilingoja goti liume. Halikuuma. Nikampita mzee aliyekimbia amevaa vazi la kuchekesha la umbo la ndizi. Imani hatanisamehe nikiacha kukuambia hilo. Nilipovuka mstari nikaketi kwenye nyasi nikalia, halafu njaa ikanishika, tukaenda kula samaki na chipsi.

Jana niliamka kabla ya zamu, nikatoka kukimbia tena. Hakuna mashindano, hakuna aliyenituma. Nilikimbia kwa raha tu, mama, na sikutaka kurudi nyumbani.

Nimekukumbuka mno.

Binti yako,
Mama Imani