Hiyo Siyo Damu ya Ng'ombe

Mshauri mpendwa, shikamoo, nakuomba msaada kabla sijachanganyikiwa. Mume wangu ana bucha na mimi ndiye ninayemfulia aproni, kwa hiyo damu kwenye nguo zake sikuwahi kuishangaa, hata nilipoikuta kwenye leso aliniambia ni ya ng'ombe nami nikaloweka nikasugua nikaanika, kumbe nilikuwa nafua damu ya mume wangu. Jumapili hatufungui bucha, nikasikia anahangaika bafuni, nikasukuma mlango nikamkuta ameinamia sinki anatapika damu, nyeusi kama kahawa inayobaki chini ya kikombe, na nyingine nyekundu kabisa. Akafungulia maji akaniambia, "Mama watoto, nyamaza. Watu wakisikia muuza nyama anatapika damu, nani atanunua kwangu?" Akaniapisha kwa watoto wetu. Tumbo linamuuma siku nyingi, na kila asubuhi kabla ya chai anameza vidonge vya maumivu ya mgongo, maana kubeba mapaja ya ng'ombe si mchezo. Leo kaenda kazini uso umempauka. Nikisema nitamharibia kazi, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Mke wa Bucha

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama. Pole sana, lakini pole haizuii damu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kiapo cha namna hiyo nakufungulia mimi leo.

Mimi si daktari. Ninachojua, vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku tumbo likiwa tupu vinaweza kulichubua mpaka lipate kidonda kinachovuja damu, na damu iliyokaa tumboni hugeuka nyeusi. Ini likiharibika nalo huleta hayo. Na kama ile ya kwenye leso aliikohoa, huenda ni kifua kikuu, nimonia au jambo jingine la mapafu. Kubahatisha si kazi yako wala yangu, vipimo vipo.

Weka gazeti chini. Mfuate bucha sasa hivi, mchukue, na shemeji yako mmoja awasindikize, mumeo asiendeshe, mwende moja kwa moja hospitali kwenye chumba cha dharura. Vidonge basi, ila pakiti yake ibebe daktari aione. Asile wala asinywe kitu njiani. Akitapika tena, mlaze ubavu. Muulize kama choo chake ni cheusi kama lami, na jibu mpe daktari bila aibu. Akikufokea, mwambie nimekutuma mimi, aje anifokee mwenyewe. Na wewe uliyefua damu bila kuuliza, ugomvi wetu upo, tutaumaliza akipona.

Namba uliyoandika chini ya barua nimeipiga tangu nilipoifungua. Inaita tu. Namwomba Mungu uwe umesahau simu mezani mkikimbilia hospitali.