Mtoto Niliyempokea Juu ya Mikuki

Suna, Migori
19 Agosti 1995

Ndugu yangu mpendwa Bonface,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa sauti za wote walio katika boma hili. U hali gani huko Takawiri? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona, au bado unalala mchangani ukilinda mitumbwi, umejifunika shuka moja? Sisi huku tu wazima. Valary wangu ameota jino la chini. Baba mkwe, mzee Barnabas, anasema goti halimsumbui tena, ingawa nikimtazama akiinuka naona kwamba anatudanganya. Mama mkwe Roselyn anakusalimu sana. Barua hii nampa Emmaculate, muuza omena, ambaye anavuka kutoka Mbita Jumatatu. Ameapa kwamba hataifungia samaki.

Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Emmaculate aliniletea maneno yako. Alisema kwamba mwezi ukiwa mkubwa, wakati omena hawavuliwi, utakuja huku na wenzako wa mtumbwini, na kwamba mishale mmeshapata. Alisema ulimtaja Ryoba kwa jina. Sikushangaa, kwa kuwa nilikusikia ukiapa kwenye kaburi la mume wangu Cephas. Ulikuwa umevaa lile shati ulilomfungia Cephas jeraha, na doa lilikuwa limekataa kutoka. Ulikuwa mgeni wetu alfajiri ile wezi wa ng'ombe walipotuvamia, ukamwona Ryoba akivuta upinde kwenye lango la zizi. Najua hulali vizuri tangu siku hiyo. Hata mimi, nikichemsha chai, bado namwekea Cephas utando wa maziwa pembeni ya kikombe, halafu nakumbuka.

Sasa nikupe habari za huku. Ulipoondoka mambo yalizidi kuharibika. Josho la mpakani liliachwa, hakuna mtu wa upande wetu wala wa Wakuria aliyethubutu kupeleka ng'ombe kuogeshwa, na kupe wakatumalizia ndama ambao wezi waliwaacha. Wanawake waliacha kwenda soko la mtoni. Wakubwa wa serikali walikuja na vipaza sauti, wakawapanga wazee wa pande zote mbili, wakawaambia washikane mikono. Walishikana. Tulikunywa soda, tukapiga makofi. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wa jirani yetu walivushwa, na vijana wetu wakaenda kuchoma nyumba za watu ambao hawakuwa hata wamewaona hao ng'ombe.

Ndipo akaja bibi mmoja Mkuria anayeitwa Bosibori. Alisimama ng'ambo ya kijito akiwa na majani mabichi mkononi, akamwita baba mkwe kwa jina, maana walifahamiana zamani wakibadilishana mtama na samaki. Walizungumza Kiswahili wakipigiana kelele juu ya maji. Baba mkwe alirudi akicheka peke yake, akasema Kiswahili cha yule mama ni kama cha mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Baadaye nilisikia kwamba na yeye alirudi kwao akisema Barnabas huongea kama anayefukuza kuku.

Lakini walielewana. Bosibori alimkumbusha kwamba wakiwa watoto waliona vita kama hivi vikimalizwa, na havikumalizwa kwa kushikana mikono. Silaha za pande zote mbili zililazwa kwenye mpaka kama ua. Akina mama wanaonyonyesha walisimama huku na huku, wakapitishiana watoto juu ya ua ule, na kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa adui. Kuanzia hapo watoto hao walikuwa ndugu. Mtu hawezi kumwaga damu katika nyumba ambayo mtoto wake amenyonya. Akifanya hivyo amemuua mwanawe mwenyewe, na laana yake haina dawa.

Bonface, kukubali kulikuwa rahisi kwa wazee, kwa sababu wazee hawanyonyeshi. Kila mama aliyeulizwa alikumbuka kwamba mtoto wake ana homa. Ndipo nikajitolea mimi. Mama mkwe aliniambia kwamba maziwa yale ni ya marehemu mwanawe, na kwamba hajapata kusikia mjane ambaye bado yuko kwenye msiba akimpakata mtoto wa watu. Aliniuliza kama nataka kuwaletea chira, ile laana ya kuvunja mwiko, wakati bado siruhusiwi hata kuingia nyumba ya jirani kuomba chumvi. Baba mkwe ndiye aliyejibu. Alisema kwamba mpaka si nyumba ya mtu, hauna mlango wala jiko, basi pale mjane haingii kwa yeyote. Akaongeza kwamba kama kuna mwiko unaokataza hilo, lawama yake ataibeba yeye. Mama mkwe hakunipa chakula jioni ile.

Siku yenyewe ilipofika, nilimkosa Valary kitandani. Nilimkuta nje, mama mkwe akimwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Akampaka samli mwili mzima mpaka akang'aa, akamfunga kitambaa kipya cha maua. Alisema tu kwamba mjukuu wake hawezi kwenda kwa watu akiwa na vumbi masikioni.

Laiti ungekuwepo! Pale kwenye josho, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Wanaume walikuja mmoja mmoja. Huku mikuki na mapanga, kule pinde na mikuki mifupi, vyote vikalazwa chini kwenye mstari, na juu yake wakaweka matawi mabichi mpaka ua ukafika magotini. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wetu alilaza panga, akalichukua tena, akalilaza. Wazee wa pande zote mbili walisubiri mpaka akamaliza kushindana na mkono wake.

Kisha tukaitwa akina mama. Tulikuwa sita kwa sita, kwa maana wengine homa za watoto wao zilipona ghafla waliponiona nimejipanga. Aliyesimama mbele yangu ni msichana mwembamba anayeitwa Nyasuguta, mwenye mtoto wa kiume anayeitwa Wambura, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Nilimpitisha Valary, naye akampitisha Wambura, na kwa muda mfupi watoto wote wawili walikuwa hewani juu ya mikuki, na nadhani hakuna mtu aliyevuta pumzi.

Wambura ni mzito. Ananukia moshi na maziwa, kama mtoto yeyote. Alinitazama, akaangalia kitenge changu, akaamua kwamba njaa ni njaa. Halafu akaniuma! Ana meno manne. Nilipiga kelele, na wanawake wa kule wakaangua kicheko. Mmoja akasema kwa sauti kwamba nivumilie, Mkuria hajui kuchukua kitu polepole. Wa kwetu wakamjibu kwamba afadhali amechukua maziwa na kuacha ng'ombe. Wanaume hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka, lakini Bosibori alishika mbavu, na baba mkwe akapangusa machozi, ndipo kila mtu akacheka. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wa mbali wakajibu. Valary hakusikia lolote. Alikuwa amelala kifuani kwa Nyasuguta, shavu limejaa maziwa.

Tangu siku hiyo hakuna zizi lililovunjwa, huku wala kule. Josho limesafishwa. Jana nilikaa sokoni mtoni, bibi wa Kikuria akaniuzia mtama, tukavutana bei na kutukanana vizuri kama zamani. Tumeshinda, Bonface. Sikuwahi kujua kwamba watu kama sisi wanaweza kushinda jambo.

Sasa nikuambie lile ambalo nimelizunguka ukurasa mzima. Nyasuguta ni mke wa Ryoba. Wambura ni mwanawe, na Bosibori ni nyanya yake, mama yake Ryoba. Haikutokea kwa bahati. Nilipopata maneno yako, nilishuka kijitoni peke yangu, nikamwita Bosibori, nikamwomba anipe mtoto wa nyumba hiyo na si mwingine. Aliniuliza kama najua ninachoomba. Nilimwambia kwamba nina ndugu mmoja tu, tumbo moja na mimi, na kwamba nimeshazika mtu mmoja mwaka huu.

Sijamsamehe Ryoba. Alilaza upinde wake mbele yangu, akashindwa kunitazama, nami nikatazama vidole vyake na moyo ukaniuma kama siku ile ya kwanza. Wazee wamemwambia asubiri msamaha, na kuhusu mimi wamesema nisiharakishwe. Lakini mwanawe amenyonya kwangu, na hilo halirudi nyuma. Niliwauliza wazee wa pande zote mbili kama agano hili linawafunga hata ndugu zangu walio mbali ziwani. Walijibu kwa pamoja kwamba mjomba ndiye wa kwanza kufungwa, maana mpwa huingia kwake na kula bila kuomba. Najua utanikasirikia. Kasirika. Njoo unigombeze hapa hapa, nitakupikia.

Wenzako wa mtumbwini waambie wazi kwamba mtu mliyekuwa mkimwendea ni baba wa mpwa wako.

Baba mkwe anakusalimu, mama mkwe anakusalimu na kuuliza kuhusu kikohozi. Nyasuguta pia anakusalimu, ingawa anakuogopa. Mungu akulinde majini. Mwezi ukiwa mkubwa, njoo kama ulivyopanga, lakini uje kama mjomba. Watoto wanaonyesha dalili za kutambaa, na kwetu mjomba haji kumwona mpwa mikono mitupu. Leta kuku wawili, Bonface, wa Valary na wa Wambura, na wawe sawa kwa ukubwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zilpah