Majivu ya Moto na Mbegu za Ndengu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike kule Kyuso sijakuandikia hata mstari, na ni wewe uliyenipeleka shule ili angalau mmoja wetu ajue kuandika. Leo nina jambo la kukuambia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinihoji nikitoka shule? "Haya, leo mwalimu amesema nini?" Nami nilikuwa mjuaji kweli kweli. Nilikueleza kwamba matone yaliyo chini ya kifuniko cha sufuria ni mvuke uliopoa, na kwamba mvua ni vivyo hivyo. Ukacheka. "Basi huyo mwalimu atuchemshie mvua, shamba imekauka." Nilipokuambia chuma hupitisha joto kuliko mti, ulinionyesha kidole ulichounguza kwa kijiko, ukasema hilo ulilijua kabla sijazaliwa.

Halafu ukaja mwaka ule wa fukusi, wale wadudu watoboao nafaka. Siku zote ulihifadhi mbegu za ndengu kwenye kibuyu, umezichanganya na majivu yaliyopoa. Mwaka ule uliona majivu baridi ni mzaha. Ukayachota mekoni yakiwa bado ya moto, ukayamwaga juu ya mbegu. Fukusi wote walikufa. Ulifurahi mno, ukawafundisha na akina mama wenzako wa kanisani.

Mvua ilipokaribia, shuleni tulikuwa tunaotesha mbegu kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji. Nikachukua ndengu chache za kibuyu chako. Za wenzangu ziliota. Zangu zilivimba, zikaoza, zikanuka. Mwalimu akaniuliza tulizihifadhi vipi, nikamweleza, naye akasema mbegu ni kitu hai na moto ulikuwa umeziua.

Nilirudi nyumbani na kile kitambaa, nikiogopa. Hukuwa mtu wa kuambiwa umekosea, hata Baba alilijua hilo. Nilipokueleza, ulikifunua kitambaa ukazinusa zile mbegu. "Kumbe tungepanda maiti," ukasema. Kisha ukajaribu mwenyewe na ndengu nyingine za kibuyu kile kwenye bakuli, bila kumwambia mtu. Hazikuota.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, ulisimama. "Ile maneno ya majivu niliwaambia, niliwapoteza. Mbegu yangu yote imekufa. Mtu asipande kama hajajaribu yake." Wengine waliguna. Mwingine akasema kwa sauti kwamba ungemletea njaa nyumbani. Nilikuonea aibu, nikatamani ukae chini. Lakini hukukaa mpaka ulipomaliza. Wiki hiyo ulibadilisha mbuzi wako wa maziwa kwa mbegu nyingine, na wenzako nao wakahangaika wakapata zao kabla mvua haijaanza.

Sasa mwalimu ni mimi, hapa Kiboko. Juzi niliwaambia wanafunzi kwamba mbegu haiwezi kuota bila mwanga. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na sisi huzifukia chini ya mchanga. Hiyo mwanga huingilia wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Hasira zilinipanda, na jibu kali lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo nikakuona umesimama pale kanisani na kile kilemba chako cha Jumapili.

Nikamwambia yeye ndiye amesema kweli, mimi nimekosea. Sauti ilinitetemeka, Mwaitu. Na wale walikuwa watoto tu, na hakuna ambaye angelala njaa kwa sababu yangu.

Pumzika, mama. Nakupenda, na nimechelewa kukuelewa.

Binti yako, yule mjuaji