Chumvi ya Samaki

Baba Shamila,

Wali uko kwenye hotpoti, mchuzi upashe mwenyewe. Nimekwenda kwa dada Stara, Ipagala. ~~Nitalala huko.~~ Nitarudi jioni.

Asubuhi nimekusikia kwenye simu na muuzaji wa samaki wa baharini wa kufuga: "Huyu ni mpole? Hatamwonea mwenzake? Anayeanza kufuga atamweza?" Sauti laini hivyo, hata uliponiposa sikuisikia. Kisha ukapima tena chumvi ya maji ya tangi lao, na samaki wenyewe hawajafika!

Jana mchuzi sikuutia chumvi, makusudi. Ukala, ukalamba vidole, macho kwenye tangi lisilo na samaki.

Wa leo ni ule ule. Kile kipimo chako cha chumvi nimekiweka kando ya sufuria.

Mama Shamila