Mama Hakuwa Mpishi wa Mkutano

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walioamka salama hapo Nyabiondo. Goti linaendeleaje? Maharagwe mmeshavuna, au bado mnaogopa kwenda mashambani kule juu? Na ile familia iliyokimbia vita kutoka Mweso, ungali unailaza jikoni kwako? Mimi ni mzima. Baridi ya Ubelgiji nimeizoea, ila hasira haijapoa, na leo nataka uisikie.

Unajua chama chetu, cha watu wanaolinganisha namna nchi mbalimbali zinavyosomesha watoto, kinaandika kitabu cha historia yake, nami ni mmoja wa wahariri. Nilipewa sura ya tawi lenu la Kivu. Nilifurahi mno. Kumbe maneno ya picha yalikwisha kuandikwa kabla yangu. Ni ile mliyopigwa mkutanoni Walikale: Papa Inspekta, mkaguzi wenu wa shule, amekaa mezani na kravati shingoni, wewe umesimama na sahani ya sombe, majani yetu ya muhogo. Chini yake: "Mwanzilishi wa tawi, na mpishi wa mkutano."

Nilimweleza mwenyekiti wa kamati ya kitabu desturi yenu: atakayesema siku hiyo huwapakulia wenzake kwanza, na aliyesema mkutano uliopita huosha vyombo. Siku ile msemaji ulikuwa wewe. Uliwaonyesha kwamba mtoto wa msituni hupewa kwanza kamba ategee mnyama, maelezo hufuata baadaye, na sisi wa milimani tunamkaririsha mtoto vitu asivyowahi kuvigusa. Walimu walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwenyekiti akatabasamu. "Ni habari nzuri," akasema, "lakini picha inaonyesha mwanamke mwenye sahani."

Basi nikampigia simu Papa Inspekta, ambaye siku hizi anafuga ng'ombe Mushaki. Nikaweka sauti kubwa kamati nzima isikie, nikawa natafsiri. Hakuzunguka:

"Yule mama njo alitufundisha ile siku. Mimi nilikuwa naosha masahani, na kravati yangu mu shingo. Kama munaandika yeye ni mupishi, basi mimi muniandike boyi wa kuosha masahani."

Walicheka. Mimi sikucheka. Mwenyekiti akasema picha iondolewe, yaishe. Nikakataa. Akasema basi jina lako liwekwe mwishoni mwa kitabu, kati ya "waliosaidia". Nikakataa tena. Hukusaidia, Mama, ulifundisha. Akanikumbusha kwamba kitabu hakiendi kwa mchapaji bila saini ya kila mhariri, na kwamba mkataba wangu unakaribia kwisha. Nikamjibu kwamba yote mawili nayajua.

Usiniombe ninyamaze. Nakusikia ukisema, "Riziki, acha. Mimi nashazeeka, ile jina itanisaidia nini?" Itawasaidia wasichana unaowafundisha hadi leo chini ya turubai, na itanisaidia mimi. Nimechoka kuona watu wetu wakigeuzwa wapishi wa elimu yao wenyewe.

Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, mjomba mwenye pikipiki, na shemeji wa Walikale. Papa Inspekta nitamshukuru mwenyewe.

Leo asubuhi nimefuta maneno yale, nikaandika jina lako lote, na mbele yake: "Mwalimu, msemaji wa siku hiyo." Karatasi iko mezani kwa mwenyekiti. Nafasi ya saini yangu iko wazi, Mama, na itabaki wazi mpaka wakuandike ulivyo.

Mimi mwanao wa tumbo lako,
Riziki