Mgongoni mwa Zaituni

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, na mimi nina hasira kiasi kwamba nimeshona mkono wa gauni la mteja upande usio wake, nikalazimika kuufumua wote.

Acha niandike hapa, nisije nikarudi kule kutukana watu.

Kule ni kwenye grupu letu la mtaa kwenye simu, hapa Nengo, karibu na mpaka. Ni la kupiga soga tu. Asubuhi siasa, mchana mila na adabu, jioni mpira. Anayeliongoza ni Selestini, mstaafu anayeandika aya ndefu kuhusu jinsi utamaduni wetu unavyokufa. Huwa nasoma huku cherehani inakwenda. Napenda, sikatai. Ukishinda peke yako kibandani, hata ubishi wa watu unakuchangamsha.

Leo, saa nne hivi, Selestini akatuma picha. Mwanamke amepigwa picha kwa nyuma, yuko kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Goma, kafunga kitu mgongoni na kukifunika gubigubi. Chini akaandika kwamba hawa ndio wanaovusha magendo wakijifanya wamebeba watoto, halafu tunashangaa nchi haiendelei. Grupu likalipuka.

"Mutoto wa kilo ngapi huyo?"

"Ile iko sukari, si mutoto!"

"Bon, akilia tutajua!"

Ni kweli wapo wanaofunga mizigo mgongoni. Wote tunajua, ndiyo maana mzaha ulikolea haraka.

Nami nikaweka vicheko vitatu.

Nikaendelea kushona, lakini kuna kitu hakikunipa amani. Nikarudi kuikuza ile picha. Kitambaa cha kijani chenye maua ya njano. Pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa kijani uliniishia. Ni mkono wangu ule. Ni kitambaa nilichompa mdogo wangu Zaituni alipojifungua.

Zaituni alimaliza arobaini yake juzi. Aliniambia wiki hii atamvusha mtoto akaonwe na mama yetu, anayeishi Goma na ambaye miguu haimruhusu tena kuja huku. Siku hakuitaja. Na mimi, dada mkubwa mwenye ushauri kwa kila jambo, nilimwambia: safari ya kwanza, mfunike mpaka uso, macho ya watu si mazuri. Kwetu mtoto mchanga hutolewa nje hivyo, na mama alitutoa hivyo sote. Selestini wa utamaduni hakulijua hilo. Au hakujisumbua kuuliza.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kumficha. Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumtetea. Nilifuta vicheko vyangu. Nilijisafisha mimi kwanza, ndipo nikaandika: "Huyo ni mdogo wangu, na huyo ni mtoto wake."

Mmoja akaandika pole, ulikuwa mzaha tu. Selestini akaiondoa picha na kunijibu, kwa adabu zake zote, kwamba mambo ya familia tusiyalete kwenye grupu.

Mambo ya familia! Nani aliyaleta? Mgongo wa mwanamke usipojulikana ni wa nani, ni mjadala wa taifa. Ukishapata jina, umekuwa mambo ya familia. Baada ya muda mfupi walikuwa wanabishana kuhusu mechi ya jana, na hakuna aliyeuliza mtoto anaitwa nani.

Saa kumi Zaituni alinipigia, ameshafika kwake Rugerero. Nilidhani atalia. Alikuwa mtulivu, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema mama alimshika mjukuu muda wote waliokuwa kwake, hakutaka kumwachia. Wakati wa kurudi, picha ilikuwa imeshazagaa kwenye simu za watu wa foleni. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alikitambua kitambaa, akamwambia, "Tuonyeshe basi huyo mutoto," na kabla Zaituni hajageuka, akakivuta. Mtoto akaamka akilia, uso wazi, watu wakimtazama. Wengine waliona haya. Wengine walicheka.

Nikaanza kumlaani Selestini. Zaituni akanikatiza. Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye yumo kwenye grupu, tangu kabla hajaolewa.

"Selestini ni mutu wa inje. We uko dada yangu. Na jina yako niliiona pale."

"Nilifuta, Zaituni."

"Ulifuta mi nikiwa nimeisha kuona."

Akakata simu.

Nimetoka kwenye grupu. Hilo lilikuwa rahisi. Selestini nitakutana naye, mji wenyewe si mkubwa, na nitamwambia usoni yote anayostahili kuyasikia. Hasira yangu kwake ni ya haki na sitaiombea radhi. Lakini siwezi kuendelea kujificha nyuma yake, kwa sababu Selestini hakujua anamcheka nani, na yule mtoto nimemshonea mimi kitambaa cha kubebewa.

Nimemwandikia Zaituni kwamba kesho nitakwenda kwake kabla ya kufungua kibanda. Ujumbe ameusoma. Hajajibu. Nitakwenda hivyo hivyo, nibishe hodi kama mgeni.

Sijui kama atanipa mtoto nimbebe.