Kikao Ulichokiacha Wazi

Kaka Yusufu mpendwa,

Ulitufundisha sote kuingia kwenye kikao cha mtandaoni, lakini hukumfundisha hata mmoja wetu namna ya kukifunga. Najua haifai kumlaumu aliye kaburini. Ila nikikaa na jambo hili moyoni nitapasuka, na wewe ndiye uliyelianzisha.

Nakumbuka jikoni kwako huku ughaibuni, mtaa wa Anderlecht, kompyuta umeiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa ili kamera isituonyeshe videvu vitupu. Ilikuwa kila Jumapili baada ya chakula: wewe na mkeo Mwajuma, mimi nimekuja kutoka mtaa jirani wa Molenbeek, Baba Mdogo Hamisi akiwa Kigoma, na Mama peke yake nyumbani Bujumbura, pale Buyenzi, ameshika simu kubwa uliyomtumia. Uliandaa mwaliko mmoja wa kujirudia kila wiki, ukauita "Kikao cha nyumbani". Ulifungua kwa Fatiha kama alivyokuwa akifanya marehemu Baba, na kama yeye, hukuruhusu mtu kuinuka kabla hujasema, "Nimefunga." Jambo likishawekwa kikaoni lilikuwa mikononi mwa aliyekiitisha. Nilikuita mwenyekiti wa jikoni. Ulicheka, lakini hata msalani hukuniruhusu.

Unaikumbuka Jumapili yetu ya mwisho? Mji kule ulikuwa umechafuka. Mama alituambia milio ya risasi imefika mtaa wa pili na majirani wanafunga milango yao na kuondoka. Mimi nilitaka atoke siku hiyohiyo. Wewe uliogopa vizuizi vya barabarani.

"Bon, Mama, usitoke kwanza," ulimwambia. "Tutamalizia Jumapili."

Mtandao ukakatika kabla hujafunga. Wiki ileile moyo wako ukasimama ukiwa kazini, tukakuzika huku, na Mama akanyimwa viza ya kuja kukuaga.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye metro simu iliponitetemekea mkononi. Yusufu anakualika, Kikao cha nyumbani. Nilitazama jina lako mpaka nikapitiliza kituo. Nilipata hasira, Kaka, hasira kabisa, kana kwamba umenifanyia utani mbaya. Kisha nikauacha mwaliko ulivyo, nikajiambia arobaini ikipita tutajua la kufanya.

Arobaini haikuwa imefika Baba Mdogo aliponipigia. Alikuwa amepata gari la kwenda kumchukua Mama Alhamisi asubuhi. "Nitapita mara moja," alisema. "Nikimkosa sirudi tena, barabara inafungwa."

Nikajiona hodari. Nikafungua kalenda, nikakihamisha kikao chako kutoka Jumapili kwenda Jumanne ili tumalizie jambo la Mama kabla ya gari, na kwenye simu yangu kikahama vizuri bila kelele. Jumanne nikakaa mbele ya kioo cha simu peke yangu nikiwasubiri. Kumbe mwenye mwaliko ndiye tu awezaye kuuhamisha kwa wote. Sisi wengine ni wageni wa kualikwa, na kila mgeni anachezea nakala yake mwenyewe. Nikatuma mwaliko mpya kwa jina langu. Baba Mdogo akaingia. Mama hakuingia. Nikampigia simu.

"Nimeuona," alisema. "Huo ni wa kwako. Mie naingia wa Yusufu."

"Wa Yusufu ni Jumapili, Mama. Gari ni Alhamisi."

"Basi gari lingoje."

"Mama, Yusufu hayupo."

"Zubeda, unadhani sijui? Kaniambia nisitoke mpaka tumalizie. Hajamaliza. Kaburi lake sijaliona. Hili jina linanijia kila Jumapili, ndilo nililonalo."

Hapo nikaelewa kwamba kila Jumapili, wakati sisi tunaipa simu mgongo, yeye alikuwa akiingia kwenye kikao kile na kukaa humo peke yake. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kulia, nikashindwa vyote viwili.

Jumatano nilitoka kwa wazee wangu ninaowahudumia mtaa wa Forest nikaja moja kwa moja kwako kukifuta kikao chako, ili Mama asiwe na Jumapili ya kungoja. Mwajuma yumo ndani ya eda. Kompyuta yako ilikuwa palepale ulipoiacha, kitambaa cheupe juu yake.

"Wifi, vitu vyake havijaguswa," alinizuia. "Tulikubaliana mpaka arobaini."

"Wifi, gari ni kesho."

"Nawe ukikifuta hicho, Mama si utamuua kwa njia nyingine?"

Simu yangu ikaita; Baba Mdogo alikuwa akiuliza aondoke Kigoma au asiondoke. Nikamwambia aondoke, huku sijui ninachokisema. Mwajuma akanitazama, akakiondoa kitambaa.

"Kaa upande huo," alisema. "Kama ni kugusa, atagusa mjane wake."

Akaunti yako ilikuwa wazi. Kompyuta ikauliza kama tunafuta kikao kimoja au vyote vinavyofuata. Vyote. Kisha ikatupa nafasi ya kuwaandikia waalikwa ujumbe. Nikanyoosha mkono, nikaandika upesi: Nimefunga kikao. Mama, nenda na Baba Mdogo. Mwajuma akafuta neno moja baada ya jingine.

"Alors, usimwekee maneno mdomoni," alisema. "Hawezi kuyakanusha."

Akatuma patupu. Simu yangu ikalia, na ya kwake ikalia chumbani: Yusufu amefuta Kikao cha nyumbani. Mwajuma akafunika uso kwa mtandio wake. Nikamshika bega. Nilimpigia Mama, hakupokea. Nikapiga tena. Hatimaye akapiga yeye.

"Nani yupo kwenye mashine ya mwanangu?"

Ningeweza kumdanganya, Kaka. Ingekuwa rahisi.

"Mimi na Mwajuma, Mama."

"Mwajuma kakubali?"

"Kabonyeza yeye."

"Haya," alisema. "Mwambie Hamisi aje na kamba. Nina sanduku."

Alhamisi sikufanya kazi ya maana. Nilimlisha mzee mmoja uji mara mbili na hakulalamika. Jioni Baba Mdogo akatuma neno moja kutoka mpakani, "Tumevuka," nikakaa sakafuni koridoni nikiwa na sare yangu ya kazi na kumshukuru Mungu.

Mama sasa yuko Kigoma, anakula vizuri, anawagombeza wote mle ndani. Jumapili iliyopita nilimpigia baada ya chakula. Baba Mdogo alisema amejitenga barazani na simu yake mapajani.

"Leo hajaita," Mama aliniambia.

"Mama, tulifuta."

"Najua. Nilikaa tu."

Mama yuko hai, Kaka. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kwako, nasi ndicho tulichomnyang'anya ili aishi. Ningefanya hivyo tena kesho, na kesho pia ningelia.

Lala kwa amani, mwenyekiti.

Mdogo wako,
Zubeda